Mlango Kwanza, Kitabu Baadaye

Ndoa ya mwandishi inapovunjika, rafiki zake wa mjini humwambia neno moja wakidhani wanamfariji: sasa una kitabu. Neno hilo limewapotezea wanawake wengi miaka. Linamfanya mtu aamini kwamba maumivu ndiyo mtaji, kwamba akikesha nayo mbele ya kompyuta ukurasa utajaa wenyewe. Niliyoyaona upande huu wa Ukambani, kwa wenzangu na kwangu mwenyewe niliyeolewa Makueni nikarudi kwetu Kitui, yanasema vingine. Mwandishi aliyerudi kwao hahitaji hadithi kwanza. Anahitaji mlango ambao ufunguo wake anao yeye, kipande cha ardhi ambacho hakuna kaka wa kumwondoa, na shilingi ya wiki hii. Kitabu hufuata, na mara nyingi kinachofuata si kile cha ndoa.

Kwenye ramani, safari ya kurudi ni fupi. Kaunti zetu mbili zimepakana, mto Athi ukiwa katikati. Barabara ya lami kutoka Kibwezi huvuka mto, ikapita Ikutha na Mutomo hadi mjini Kitui, na aliyetoka asubuhi anaweza kula chakula cha mchana kwao. Kimila, safari hiyo hiyo inaweza kuchukua miaka. Kwa Wakamba, mbuzi wa ntheo ndio wanaoifanya ndoa iwe ndoa. Ng'ombe wanaweza kulipwa kidogokidogo hadi wajukuu wazaliwe, lakini bila ntheo mwanamke hajaolewa, na kwa ntheo ameolewa hata kama hakuna cheti wala pete. Ndoa ya namna hiyo haivunjiki kwa sababu mtu amefunga sanduku. Wazee wa pande mbili lazima wakae, mbuzi wa kukataana arudishwe, mahari yajadiliwe. Mpaka hayo yafanyike, ukoo unamhesabu kuwa mke wa watu aliyekuja kutembea. Watoto ni wa ukoo wa baba yao. Na yeye? Kwa mumewe hayupo, kwa baba yake ni mgeni.

Mgeni hupewa chumba cha mtu mwingine. Mara nyingi ni nyumba ya kaka anayefanya kazi Nairobi, ambayo mwaka mzima hukaa tupu. Mwandishi hupanga vitabu vyake humo, huweka meza dirishani, huanza kupata mdundo wa kazi. Kisha Desemba inafika, kaka anarudi na mkewe na watoto, na karatasi zinahamishiwa ghalani, kati ya magunia ya mbaazi na mitungi ya maji. Nimewajua waandishi ambao kazi yao ilikatika hivyo kila mwisho wa mwaka. Watu walisema wameishiwa na maneno. Maneno walikuwa nayo. Nafasi ndiyo iliyokuwa ya kuazima.

Hapa ndipo sheria ya Kenya inapomfaa mwandishi kuliko semina yoyote ya uandishi. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika Julai 1981, haimtofautishi mtoto wa kiume na wa kike, wala binti aliyeolewa na ambaye hajaolewa. Mwaka 2005, katika kesi ya Rono iliyotoka Bonde la Ufa, Mahakama ya Rufani ilikataa hoja kwamba mabinti wapate kidogo kwa kuwa wataolewa. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 60, ikaagiza kwamba mila zinazombagua mwanamke katika mambo ya ardhi ziondolewe. Wanaume wengi wa vijiji vyetu wanayajua haya vizuri. Wanachotegemea ni kwamba dada yao ataona haya kumpeleka ndugu yake kortini, na wengi wetu huona haya kweli.

Ndiyo maana nasema zungumza na mzee angali hai. Baba akiwa hai, ekari moja hupatikana kwa mazungumzo ya jioni chache, mbele ya mama, mbele ya kaka zako, mbele ya wazee wa ukoo. Kisha mpimaji anaitwa, bodi ya ardhi inatoa idhini, na kipande kinapata namba yake na jina lako. Mzee akishafariki, jambo lile lile linageuka faili la mirathi, na watoto wa kaka yako wanaanza kukusalimia kwa mbali. Usikubali kuambiwa jenga tu, hakuna atakayekufukuza. Anayekuambia hivyo leo anasema kweli, lakini mkewe na wanawe hawakuwapo kwenye mazungumzo hayo.

Upande wa mume nako kuna haki ambayo wengi huiacha kwa uchovu. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inasema mchango katika mali si pesa tu. Kazi za nyumbani ni mchango. Kulea watoto ni mchango, kusimamia biashara ya familia na kulima shamba pia. Inasema vilevile kwamba mume au mke hawezi kutolewa katika nyumba ya ndoa bila amri ya mahakama, na kwamba mali ya ndoa haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya wote wawili. Lakini mnamo tarehe 27 Januari 2023 Mahakama ya Juu iliweka wazi jambo moja: usawa wa mume na mke ulio katika kifungu cha 45 cha Katiba hauna maana ya kugawana nusu kwa nusu moja kwa moja. Kila mmoja athibitishe alichochangia. Katika kesi yenyewe mgawo wa nusu kwa nusu uliachwa usimame, kwa kuwa mchango wa mke ulionekana. Fundisho kwa wengine ni kwamba uonekane.

Mkulima wa Kathonzweni au wa Mutito huumia hapa, maana hakuna anayempa mtu risiti kwa kupalilia. Mwandishi, kwa mazoea ya kazi yake, ana daftari. Ana tarehe ambayo makinga-maji yalichimbwa na aliyewalipa vibarua. Ana siku fundi alipoezeka mabati, ana karo ya muhula wa pili iliyotoka katika malipo ya makala fulani, ana mistari miwili kuhusu usiku aliokesha na mtoto mwenye homa ili asubuhi aende kufundisha. Daftari ambalo ulidhani ni la kuandalia riwaya ni ushahidi. Lichukue unapoondoka, kabla ya sufuria na mapazia. Mahakama Kuu ina vituo Kitui na Makueni, na FIDA-Kenya, chama cha mawakili wanawake kilichoanzishwa mwaka 1985, huwasaidia wasio na uwezo wa kuweka wakili. Kwa anayeondoka usiku kwa sababu ya kipigo, namba 1195 hupokewa saa 24 bila malipo. Na kwa yule aliye kwenye barabara ya Mombasa bila nauli ya kufika popote, hekalu la Wasikh la Makindu, lililojengwa mwaka 1926, bado humpa msafiri yeyote chakula na pa kulala bila malipo na bila kumuuliza dini yake. Nalitaja kwa heshima kubwa.

Kwa nini nasisitiza daftari na muswada vitangulie kutoka? Buchi Emecheta, Mnigeria aliyeolewa akiwa na miaka 16 na kumfuata mumewe London, aliandika riwaya yake ya kwanza huko, na mumewe akauchoma muswada huo. Aliondoka mwaka 1966, akiwa na umri wa miaka 22 na mimba ya mtoto wa tano. Watu hupenda kusimulia kuchomwa kwa ule muswada na kuishia hapo. Mimi napenda zaidi yaliyofuata. Alipata kazi, akapata nyumba ya serikali katika mtaa wa maskini, akasoma sosholojia chuoni, na alikuwa akiandika asubuhi na mapema kabla watoto hawajaamka. Kitabu chake cha kwanza kilichotoka mwaka 1972, *In the Ditch*, kilihusu maisha ya majirani zake katika mtaa ule, kina mama wanaoishi kwa posho ya serikali. *Second-Class Citizen*, ambacho ndani yake ndoa imo, kilitoka mwaka 1974. Na kile kilichochomwa aliketi akakiandika upya chote, kikatoka mwaka 1976 kwa jina lile lile, *The Bride Price*, mahari.

Tazama mpangilio huo: kazi, nyumba, majirani, kisha ndoa, kisha muswada uliopotea. Emecheta alifariki mwaka 2017 akiwa na vitabu vingi nyuma yake, na katika kila hatua kulikuwa na paa kabla ya ukurasa. Siku hizi muswada hauchomwi. Simu huvunjwa, kompyuta huuzwa, neno la siri hubadilishwa. Jitumie nakala kwa baruapepe isiyojulikana na mtu mwingine. Mikataba yako na mchapishaji ipigwe picha. Ikiwa mrabaha wako unaingia katika akaunti ya pamoja, mwandikie mchapishaji barua leo.

Hapa kwetu Kenya tunaye Rebeka Njau. Alizaliwa mwaka 1932 Kanyariri, Kiambu, akasoma Alliance Girls na Makerere, akawa mwalimu na hatimaye mwalimu mkuu. Tamthilia yake *The Scar*, kuhusu tohara ya wasichana, ilichapishwa katika jarida la *Transition* mwaka 1963, wakati waandishi wanawake wa Afrika Mashariki walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Mwaka uliofuata muswada wake wa riwaya ukashinda tuzo ya uandishi ya Afrika Mashariki. Aliolewa na Elimo Njau, mchoraji wa Kitanzania aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa jumba la sanaa la Paa ya Paa, Nairobi, mwaka 1965. Walipata watoto wawili, na baadaye ndoa ikavunjika.

Orodha ya kazi zake inanifundisha kuliko maelezo yoyote ya uchungu. *Ripples in the Pool* ilitoka mwaka 1975, riwaya ya watu wengine kabisa, yenye kidimbwi cha siri na kijiji kinacholiwa na tamaa. Kikafuata kitabu cha hadithi fupi. Akafanya kazi ya kuhariri, akatengeneza vitambaa vya sanaa. Mwaka 1984 kikatoka kitabu kuhusu mashujaa wanawake wa Kenya na nguvu zao za kiroho, kazi iliyotaka mtu asikilize masimulizi ya wazee badala ya kujisikiliza mwenyewe. Riwaya ya *The Sacred Seed* ilisubiri hadi mwaka 2003. Na kitabu cha maisha yake mwenyewe, *Mirrors of My Life*, kilitoka mwaka 2019, alipokuwa na umri wa miaka 86.

Kuna wanaoiona miaka 28 kati ya riwaya na riwaya kuwa ukimya, na ukimya kuwa kushindwa. Sikubali. Mwanamke anayelea, anayelipa kodi, anayehariri kazi za wengine mchana, hajakaa kimya. Anajenga. Tunawapima waandishi wetu wanawake kwa kipimo cha mwanamume ambaye chakula chake kinaletwa mezani, halafu tunashangaa orodha zao ni fupi.

Tuje kwenye shilingi ya wiki hii. Mrabaha kwa kawaida hulipwa mara moja kwa mwaka, na ni sehemu ndogo ya bei ya kitabu. Huwezi kununua unga kwa mrabaha wa Machi ukiwa Septemba. Lakini ardhi ya Kitui na Makueni, ikiwa ni yako, ina kalenda yake. Mvua inayoaminika kwetu ni ile ya Oktoba hadi Desemba. Ndengu zikipandwa mvua inapoanza huwa tayari katika muda wa miezi miwili hadi mitatu, hazihitaji maji mengi, na wanunuzi huja hadi sokoni. Aliye upande wa Wote au Kalamba mwenye miembe kumi anajua kwamba Januari ana kitu cha kuuza. Mwandishi mwenye ekari moja ya ndengu anaweza kukataa kazi mbaya ya kuandika, na uwezo huo wa kukataa una thamani kubwa kwake.

Kazi zenyewe zipo kuliko tunavyodhani. Kuna kuhariri na kusahihisha prufu kwa wachapishaji wa Nairobi, kazi isiyodai uwe Nairobi. Kuna kufundisha insha na fasihi kwa wanafunzi wa kidato cha nne. Kuna redio za Kikamba kama Musyi FM na Mbaitu FM zinazohitaji michezo na hadithi. Na kuna pengo kubwa ambalo limenisumbua moyo kwa muda mrefu: mtaala wa umilisi ulioingia shuleni mwaka 2019 unataka watoto wa gredi za chini wajifunze kusoma kwa lugha ya nyumbani, lakini mtoto wa Kyuso au Nzaui akiomba kitabu cha pili cha hadithi kwa Kikamba, mwalimu anamtazama tu. David Maillu, mtu wa Kilungu, alianzisha Comb Books mwaka 1972 na kuonyesha kwamba Mkamba anaweza kuandika, kuchapa na kuuza vitabu vyake bila kusubiri kibali cha wakubwa. Vitabu vyake vya wakati ule vilikuwa vya watu wazima. Vya watoto bado vinasubiri mwandishi, na sioni kwa nini asiwe mwanamke aliyerudi kwao, anayesikia Kikamba kizuri kuanzia alfajiri.

Kazi ya kila siku iwe ndogo. Mashamba ya Makueni yaliyokuwa yameliwa na mmomonyoko katika miaka ya 1930 yaliokolewa na makinga-maji ya fanya juu, mengi yakichimbwa na vikundi vya mwethya, vya kusaidiana kazi, ambavyo wanawake ndio walikuwa nguvu yake. Udongo hurudi kwa mkono mmoja wa jembe baada ya mwingine, na aya nazo ni hivyo.

Nimesema kitabu kinachofuata mara nyingi si cha ndoa. Kwa anayerudi Ukambani, naamini kazi iliyo karibu zaidi ni kuwasikiliza akina susu, bibi zetu. John Mbiti, aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931, alikusanya mamia ya ngano na mwaka 1966 akachapisha *Akamba Stories*. Tunamshukuru. Hata hivyo Mbiti alikuwa mwanamume na msomi wa dini, na kuna mambo ambayo mwanamke mzee hamwambii mwanamume msomi. Mwanamke aliyeachika akiketi kivulini na kina mama wanaosuka vyondo, ataambiwa. Ataambiwa nani aliondoka kwa mume wa kwanza wakati wa njaa, nani alirudishwa kwa sababu hakuzaa kisha akaoa iweto, mke wa kumzalia watoto, na kuwa na nyumba yenye wajukuu. Ataambiwa nyimbo za kilumi, ngoma ambayo wanawake wazima waliitumia kutibu na kuomba mvua, na ambayo makanisa yaliipiga vita. Mwaka 1911, huko Machakos, ngoma kama hiyo ilitumiwa na mwanamke aitwaye Syotune wa Kathuke, pamoja na mwenzake Kiamba, kuwahimiza watu wakatae amri za serikali ya kikoloni. Walikamatwa wakahamishwa mbali. Ni wanafunzi wangapi wa Kitui wanalijua jina la Syotune? Wanalijua la Mekatilili, shujaa wa Wagiriama, kwa haki kabisa. Syotune bado anangoja mtu wa kumwandika.

Kusikiliza kwa namna hiyo kunamfaa mwandishi kwa njia ambayo kuandika machozi yake hakumfai. Anagundua kwamba kijiji alichodhani kinamcheka kimejaa wanawake waliorudi, wengine kabla mama yake hajazaliwa, na kwamba walilima, wakajenga, wakasomesha. Aombe ruhusa kabla ya kurekodi. Jina la mtu lisitoke bila idhini yake. Kitabu kikilipwa, aliyesimulia apelekewe sehemu yake, si kilo ya sukari peke yake.

Na kitabu cha ndoa? Kiandike ukitaka, lakini kiandike ukiwa na mlango. Watoto wako watakisoma, na wao wana jina la baba yao. Aliyekuwa mume wako ana haki ya kwenda kortini akiona umemsingizia. Zaidi ya hayo, kitabu kilichoandikwa kutoka ghala la kaka huwa na hasira ya ghala lile. Hakimwoni hata mume, seuze mke. Njau alingoja. Emecheta hakungoja sana, lakini alikuwa na paa.

Limebaki jambo moja ambalo mawakili hulijua na waandishi hatulizungumzi. Nchini Kenya hakimiliki ya kitabu hudumu miaka 50 baada ya mwandishi kufa. Kitabu chako ni mali, na mali hurithiwa. Ikiwa ulirudi kwenu ukaishi miaka 20 bila talaka ya kisheria, mtu mliyeachana naye kwa mdomo tu ndiye mgane wako mbele ya sheria, na anaweza kujitokeza siku ya mirathi kudai shamba ulilosajili na mrabaha wa vitabu ulivyoandika bila yeye. Wazee wakae, mbuzi warudi, na baada ya hapo nenda kwa hakimu upate amri ya talaka. Kisha andika wosia. Taja ardhi kwa namba yake, taja kila kitabu kwa jina lake, taja utakayemwachia, utie sahihi mbele ya mashahidi wawili ambao hawarithi chochote ndani yake. Fanya hivyo kabla ya kuanza sura ya kwanza ya kitabu kinachofuata.